Pale Motere Inazunguka Polepole

Hakuna muntu mwenye anaendaka ku soko ya bipande ya motoka juu ya kutafuta mapenzi. Mafuta nyeusi inapita mu kamufereji katikati ya bibanda, inachanganyika na mikojo na maji ya samaki, na bakubwa ya komini balikwisha kuahidi kutengeneza ule mufereji tangu batoto ya leo habayazaliwa. Bantu banaruka juu yake na kufunga pua. Bamezoea. Ubaya njo huu, kuzoea.

Ile siku ya posho, samedi, saa ine asubui, Bénie Ngosa alikuwa anaruka vile vile, ameinua pagne yake na bidole mbili. Pagne ilikuwa ya bulu na maua ya manjano, blouse yake ya mikono ya kuvimba, na biatu byeupe byenye alikuwa anaogopea kuliko roho yake. Mbele ya kibanda moja alikuta mwanaume murefu, shemizi ya mistari yenye kupigwa pasi muzuri, ameinua joint ya motere, ile ya kuziba mafuta isivuje, ku jua, anaiangalia kama muntu anapima noti kama ni ya kweli ao ya bongo.

— Usinunue ile, papa.

Mwanaume aligeuka.

— Juu ya nini, mama?

— Ni karatasi banapaka rangi. Itaungua mbele ufike Likasi.

— Weh, mama! muuzaji alipiga kelele. Pita na njia yako! Mi nakuyaka kuharibu kazi ya bwana yako?

— Ehe, mwanaume alisema, anacheka. Bwana yako njo mécanicien, alikufundisha?

— Sina bwana. Mécanicien ni mi.

Alimuangalia kutoka kichwa mupaka ku biatu byeupe, akataka kucheka tena. Kisha akaona ku kucha ya Bénie kale kamustari keusi, kale kenye sabuni haiwezi kutosha hata ufanye nini. Akarudisha joint pa meza pole.

— Osée Lombe, alisema. Mushofere. Naomba radhi, chef.

— Usiniite chef. Chef mwenye niko naye, ukimuona utasikia aibu juu ya hii neno.

Kumbe balikuwa bantu ya kampuni moja. Osée alikuwa ametoka depo ya Likasi, ana juma mbili tu Lubumbashi, analala nyumba ya kupanga Makomeno. Bénie, binti ya bantu ya mashamba ya Annexe, alikuwa mwaka ya tano ku banc ya kampuni. Banc ni machine ya kupima motere. Banatosha motere mu kamyon, banaifunga na bulo chini, banaiwasha, halafu freni ya maji inaikamata juu isizunguke bure. Ile freni iko na mukono ya chuma ya metre moja, mukono inasukuma mizani. Chifre ya mizani njo inakuambia motere iko na nguvu gani ya kuzungusha. Bazungu banaipima na Nm. Mizani ikisukumwa na kilo mia moja, ni karibu Nm elfu moja.

— Donc weye unapimaka nguvu ya banaume, Osée alisema, pale balikuwa banakunywa munkoyo baridi ya mahindi pembeni ya barabara.

— Ya motere. Banaume bengi hata kuwaka habawake.

Osée alicheka mupaka munkoyo ikamwangika ku shemizi. Akatosha simu, akamupatia aandike numéro, na Bénie akaandika yake bila kufanya ugumu ya mabinti.

*

Mapenzi yabo ilikomaa mu simu. Mushofere ya shaba analalaka siku mbili, siku tatu mu foleni ya Kasumbalesa, ku mupaka ya inchi, kamyon nyuma ya kamyon, mavumbi, bantu banafanya haja kati ya mapira juu serikali yenye inakamata taxe ya kila kintu haijaweka hata choo moja. Kutoka mule mu bunuko Osée alikuwa anapiga simu kila muchana.

— Bébé, ulikula?

— Nilikula. Na weye, chéri?

— Nilikula mavumbi. Ilikosa chumvi.

— Nitakuletea chumvi.

— Kuya na mwenye chumvi yenyewe.

— Weye! Mama yangu anasikia!

— Mama Delphine, mwambo sana! Osée alipaza sauti mu simu. Mi njo mukwe yako!

Mama Delphine, mwenye alikuwa anachambua majani ya sombe pembeni, alijibu bila kuinua kichwa:

— Mukwe ya simu sina. Alete baba yake hapa, apandishe vumbi ya kiwanja yangu, njo nitamujua.

Lakini kulikuwa kintu ingine mu ile masimu. Kila safari, Osée alikuwa anarudia neno moja juu ya kamyon yake, namba kumi na ine.

— Inaniachaka pale chini, Bénie. Nikiwa na mbio, sindano ya mizunguko ku elfu moja na mia tano, inavuta kama ngombe. Lakini mulima ikikamata, mizunguko ikishuka ku elfu moja na mia mbili, inakufa. Na nikisimama katikati ya mulima, kuondoka tena ni kulomba Mungu.

— Shusha vitesse, tia gia ya chini, chéri.

— Ninashusha! Unazania mi nilianza jana? Sikiliza. Weye unapikaka bukari?

— Unaniuliza mi kama napikaka bukari!

— Bon. Pale maji na bunga kiloko, unazungusha mwiko mbio mbio na mukono moja, simu ku sikio. Lakini bunga ikikamata, mwiko inaenda polepole, njo pale mukono inatafutwa. Motere yangu iko na mukono ya kuzungusha maji. Bukari inaishinda.

Bénie alicheka. Alicheka juu hadisi ilikuwa muzuri, na juu mu atelier, miaka tano, alikuwa anasikia neno moja kila asubui: bashofere ni basema bongo. Motere ikikufa, ni mushofere. Pira ikipasuka, ni mushofere. Muntu akisikia neno kila siku, inaingia hata kama hapendi.

— Nilimuambia Chef Zéphirin, ule wa atelier yetu, alisema.

— Na alisema nini?

Bénie alishusha sauti.

— Alisema mupunguze kulala ku volant.

*

Ilikuwa siku ya ine ya juma, saa munane ya muchana, ku mulima moja kando ya Annexe. Polisi balisimamisha makamyon katikati ya kupanda, juu ya mambo yabo ya polisi. Pale baliachilia, kamyon kumi na ine, na tani makumi tatu ya shaba mu mugongo, ilijaribu kuondoka. Motere ilitetemeka, ikazimika. Upepo ya freni haikutosha. Kamyon ilirudi nyuma polepole, Osée anapiga klakson na kulia, bantu banakimbia, mupaka ikaingia mu kikoni ya mama moja na kuangusha ukuta. Ule mama alivunjika muguu.

Directeur Stéphane, mukubwa ya kampuni, alifika na motoka yenye baridi ndani. Hakushuka mbio. Alishusha kioo, aliangalia kamyon, aliangalia shaba, alihesabu kama yote iko. Mama mwenye muguu alikuwa analalamika hatua kumi kutoka pale. Hakumuangalia hata.

— Motere ilizimika, monsieur le directeur, Osée alisema, shemizi yake imelowana. Nilisema tangu zamani.

— Tutapima motere. Ikiwa mubaya, utarudi ku kazi. Ikiwa muzuri, weye ni mwongo, na permis yako, yenye tunaikamata leo, haitarudi. Machine haisemi bongo.

Vile njo motere ya bwana ya roho yake ilifika mu mikono ya Bénie.

Chef Zéphirin alikuwa na desturi yake. Kila motere banaanza kuipima ku mizunguko elfu moja na mia tano, banapanda mupaka elfu moja na mia nane, banazima. Chini ya pale banc ya zamani inatetemeka, kelele inakuwa mingi, na yeye saa sita anapenda kuwa amekaa mbele ya samaki yake. Tena papier ya kampuni iko na kisanduku moja tu: nguvu ku mizunguko elfu moja na mia nane. Muzuri ao mubaya. Miaka tano Bénie alifanya vile, juu vile njo balimuonyesha.

Kesho yake saa tano, Bénie aliwasha. Ku elfu moja na mia tano, Nm elfu moja mia kenda na makumi ine. Kitabu ya motere ilisema elfu moja mia kenda na makumi tano. Ku elfu moja na mia nane, elfu moja mia sita na makumi tatu. Kitabu ilisema elfu moja mia sita na makumi ine. Motere muzima.

Alifurahi. Kwa nusu ya dakika alifurahi sawa fundi. Halafu akakumbuka ni motere ya nani.

— Chef, labda tupime tena.

— Juu ya nini? Juu ya macho ya mushofere? Zéphirin alichukua papier na bidole byenye mafuta ya samaki, ikabakia alama ku pembe. Kazi ni kazi, binti. Tia sinyatire.

Bénie alitia.

*

Magaribi ya ile siku Osée alimungojea ku mulango ya kampuni, mbele ya bashofere na bamama ya mikate. Alikuwa na barua ya kufukuzwa mu mukono.

— Ni sinyatire yako hii?

— Osée, tuongee pembeni.

— Ni yako?

— Ni yangu. Chifre ilikuwa muzuri, chéri, mi sikuweza kuandika bongo…

— Mi njo nilikuwa nakuandikia bongo? Miezi ine nakuambia: pale chini, Bénie, pale chini inakufa! Ulikuwa unacheka. Nilizania unacheka nami. Kumbe ulikuwa unanicheka.

— Chifre ni chifre!

— Na mi? Mi niko nini?

Bénie alinyoosha mukono ashike barua. Osée alikunja barua mu ine, akaitia mu mufuko ya shemizi ile ile ya mistari.

— Dimanche baba yangu alikuwa atafika kwenu kutoka Kamina. Nitamuambia asipande train. Bibi mwenye anaamini papier ya Zéphirin kuliko kinywa yangu, nitamupeleka wapi?

Alienda. Bashofere bote balimufuata na macho. Kutoka ile saa simu ya Osée ilikuwa inalia bure.

*

Dimanche Mama Delphine alipika hata hivi. Kuku alikuwa amekwisha kuchinjwa, majirani balikwisha kuambiwa. Alikuwa amevaa pagne yake ya feti, na kasirani ilikuwa inatoka mu macho.

— Geuza bukari, alimuambia Bénie. Tutakula sisi benyewe. Nani alikwambia kulia na mwiko mu mukono?

Bénie alizungusha. Kwanza maji na bunga kiloko, mwiko ilikimbia. Aliongeza bunga. Mwiko ilianza kuenda polepole, mukono ikakaza, bega ikaingia mu kazi. Aliongeza tena. Sasa mwiko ilikuwa karibu kusimama na jasho ilimutoka ku paji ya uso.

Akaacha.

— Bukari inaungua! Bénie!

— Mama, alisema. Miaka tano napimaka maji.

— Unasema nini?

— Nilimupima pale mwiko inakimbia. Pale inakaza, sikupima. Hakuna mwenye anapimaka pale. Njo pale alikuwa ananiambia.

Mama Delphine alimunyanganya mwiko.

— Siyui unasema nini. Lakini kama ulikosea muntu, bukari yangu haina makosa.

*

Siku ya kwanza ya juma, asubui, motere ilikuwa ingali ku banc. Saa tano ilipashwa kurudi mu kamyon, na Papa Mukuka, mushofere muzee ya batoto sita, alikuwa amekwisha kuitwa kuiendesha. Alikuwa amesimama pale na kofia mu mukono, anangoja.

— Chef, niache nipime kuanzia chini, Bénie alisema.

— Papier ilikwisha kwenda, Zéphirin alijibu. Fungua bulo.

Bénie aliangalia Papa Mukuka. Aliangalia bidole bya Zéphirin, bile byenye biliachia alama ya mafuta ya samaki ku papier. Akaingia mu chumba kidogo ya banc, akafunga mulango na kitasa kutoka ndani.

— Bénie! We mwanamuke! Fungua!

Motere iliwaka. Bashofere bakakuya, bakabandika bapua ku kioo. Chifre kubwa ya nyekundu ilikuwa inaonekana mupaka inje. Elfu moja na mia nane: muzuri. Elfu moja na mia tano: muzuri. Zéphirin alikuwa anapiga kioo na ngumi. Bénie alikaza freni, mizunguko ikashuka ku elfu moja na mia ine. Kitabu ilisema pale nguvu inapashwa kufika elfu mbili na mia moja, na kubakia pale mupaka elfu moja. Mizani ilionyesha Nm elfu moja na mia nane tu. Alikaza. Ku elfu moja na mia mbili: elfu moja mia tatu na makumi nane. Banc ilianza kutetemeka, bikombe bikaanguka ku meza. Alikaza tena. Ku elfu moja, mizani ilisema elfu moja na makumi ine. Nusu. Ile motere ilikuwa nusu ya motere, na hata nusu yake haikukaa: ilikohoa moshi nyeusi, ikakufa.

Papa Mukuka alivaa kofia yake.

— Na njo hii mulikuwa munanipatia, alisema. Na batoto yangu sita.

Directeur Stéphane alifika na marashi yake yenye inatangulia. Bénie alikuwa amefungua turbo, ile yenye inapulizaka upepo mu motere, mikono nyeusi mupaka ku kiwiko. Ndani mule kuna bibawa bidogo byenye bipashwa kujifunga pale motere inaenda polepole, juu upepo ipite kwa nguvu. Bilikuwa bimekwama wazi mu masizi nene kama ya chungu ya feti.

— Ikienda mbio haionekani, alisema. Ikienda polepole haina pumuzi. Hii masizi ni ya mazout muchafu, monsieur le directeur. Ile mafuta ya kampuni ni nani anaichagua?

Bantu bote balijua ni nani, bakamuangalia yeye. Directeur alitosha mouchoir, akajipanguza bidole byenye habikushika kintu.

— Kwanza, alisema, nani alikupa ruhusa ya kuchoma mazout ya kampuni bure?

Njo ilikuwa jibu yake. Muguu ya mama ilivunjika, kazi ya muntu ilikufa, na yeye anauliza mazout. Hata Zéphirin aliangalia chini.

Bénie alichukua karatasi tupu, akachora mistari na mukono, musitari moja kwa kila mizunguko mia, kutoka elfu moja mupaka elfu moja na mia nane. Akajaza yote. Akatia sinyatire, akaipiga foto na simu, akaiachia bashofere. Mbele ya saa sita ile foto ilikuwa mu simu ya kila mushofere mupaka Kasumbalesa, na Papa Mukuka alikuwa amekataa funguo mbele ya bote. Mwisho ya juma kampuni ilirudisha permis ya Osée na barua ya mistari mbili, bila neno ya radhi. Bénie naye balimupatia yake: alifukuzwa juu ya kufunga mulango.

*

Bénie alimukuta Osée siku ya posho kwa ule mama ya muguu. Kampuni haikutuma hata tofali moja. Osée alikuwa mu bulongo mupaka ku magoti, suruali imekunjwa, anajenga ukuta ya kikoni na mikono yake, na ule mama amekaa ku kiti, plâtre ku muguu, anamuonyesha na fimbo.

— Hapa umekunja, papa. Ukuta inaangalia barabara kama mulevi.

— Pole, mama. Nairekebisha.

Bénie alisimama. Alikuwa amevaa pagne ya bulu na biatu byeupe. Alibitosha, akabiweka pembeni, akaingia mu bulongo.

— Nilikuletea karatasi, alisema.

— Niliiona mu simu.

— Mu simu ulisoma chifre. Soma na chini.

Osée alipanguza mikono ku suruali, akafungua. Chini ya mistari yote, na ile mwandiko yake ya kulala, alikuwa ameandika: *Mushofere Osée Lombe alisema hii tangu miezi ine. Mi, Bénie Ngosa, sikupima pale alisema.*

Alisoma mara mbili.

— Balikufukuza juu ya hii.

— Bafukuze. Osée, mi niliamini kisanduku moja. Weye ulinionyesha mulima yote na nikacheka. Sina neno ingine.

— Na mi nilikutukana ku mulango mbele ya bamama ya mikate, alisema pole. Miaka tano balikuonyesha kupima juu tu. Nilikasirikia mukono yenye ilikuwa karibu, juu ile mikubwa sikuifikia.

— Munaongea ao munajenga? ule mama aliuliza. Mi nitapikia wapi kesho?

Balicheka, bote batatu, na machozi ya Bénie ikaanguka mu bulongo, Osée akaikanyanga ndani pamoja na maji.

— Ku kampuni sirudi, Osée alisema. Papa Mukuka alipata kazi kwa bantu ya mashamba. Banatafuta mushofere wa pili. Na fundi mwenye anajua kupima motere pale chini. Nilibaambia namujua moja, lakini ni mukali.

— Ni mukali sana.

— Baba yangu atapanda train siku ya tano. Mama Delphine atatukubali?

— Ile bukari ya dimanche iliungua juu yako. Kuya na kuku mbili.

*

Ku komini, mukubwa ya état civil, mwenye anaandikaka ndoa, alikuwa na haraka. Alisukuma registre mbele ya Bénie, akaweka kidole pale pa kutia sinyatire. Ku pembe ya karatasi kulikuwa alama ya mafuta. Saa sita ilikuwa karibu na bahasha ya samaki ilikuwa mu droo yake, harufu inatoka.

— Tia hapa, mama. Bantu banangoja.

Bénie, mu robe yeupe, na kale kamustari keusi kenye sabuni haikutosha hata siku ya ndoa, alivuta registre karibu. Akaanza kusoma ku musitari ya chini kabisa, akapanda moja moja. Mukubwa alipiga ulimi. Baba ya Osée alikohoa. Mama Delphine alijifanya hasikii.

— Mama, unatafuta nini mule? Bote banatiaka tu.

— Mumuache, chef, Osée alisema. Huyu anaanziaka chini.

Bénie alisoma mupaka jina ya Osée, mupaka jina yake, mupaka tarehe. Alisogeza mukono wake mbali na alama ya mafuta. Kisha akatia sinyatire.